Kitendawili Katika Malezi ya Nyumbani

Hapana sanaa inayodharauliwa kwa wepesi kuliko ile iliyozaliwa jikoni. Utenzi ukisomwa barazani watu hunyamaza. Tamthilia ikichezwa jukwaani watu hulipa kiingilio. Lakini bibi akimtegea mjukuu wake kitendawili huku anachochea moto, hapana asemaye ya kuwa hapo sanaa imetendeka, wala hapana asemaye ya kuwa hapo somo limefundishwa. Hata hivyo mambo mawili hayo, sanaa na somo, yamo pamoja katika mchezo huo mdogo. Makusudi ya insha hii ni kuuhakiki mchezo huo kama tuhakikivyo shairi au hadithi: kulitazama umbo lake, kuipima kazi yake, kuzitaja sifa zake pasipo kuzitia chumvi, na kuzitaja kasoro zake pasipo haya.

Nitauweka mchezo wetu mahali pamoja, maana sanaa isiyo na mahali ni vigumu kuipima. Mahali penyewe ni Muthetheni, katika kaunti ndogo ya Mwala, Kaunti ya Machakos. Hiyo ni nchi ya Wakamba, watu walimao mahindi, kunde, mbaazi na pojo katika udongo usio na ukarimu mwingi, na ambao hutegemea mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za masika. Vilima vyake vimekatwa matuta ili udongo usichukuliwe na maji. Jirani yake ni Wamunyu, mji wa wachongaji wa vinyago. Jamaa za huko, kama jamaa za mahali pengi pa Kenya, hukutana jioni karibu na meko: mmoja apukuchua mahindi, mwingine asuka kyondo, mwingine abembeleza mtoto mchanga. Mikono ina kazi, lakini masikio hayana. Hapo ndipo kitendawili kilipopata nafasi yake.

Kwa Kikamba kitendawili huitwa ndai. Muulizaji husema, "Kwata ndai," yaani shika kitendawili. Nao waulizwao hujibu, "Nakwata," yaani nimeshika. Watu wa pwani husema, "Kitendawili!" na kujibiwa, "Tega!" Linganisha miito hiyo miwili, msomaji, nawe utaona ya kuwa kila lugha imeona upande wake wa jambo lile lile. Mswahili aona mtego: muulizaji ni mwindaji, na muulizwaji ni ndege atakaye kuponyoka. Mkamba aona kitu kipokezwacho mkono kwa mkono: muulizaji ana mzigo, na muulizwaji akubali kuubeba mpaka atakapojua kilichomo ndani yake. Katika miito yote miwili mtoto haanzi kuulizwa mpaka yeye mwenyewe ameitika. Hilo si jambo dogo. Mwalimu darasani huuliza wakati atakapo yeye. Mchezo wa jioni hungoja idhini ya mwanafunzi.

Sasa na tukitazame kitendawili chenyewe. Chukua kile kijulikanacho na watu wote: nyumba yangu haina mlango. Jibu lake ni yai. Maneno ni manne tu, lakini tazama kazi iliyofanywa. Kitu kimeondolewa jina lake, kikapewa jina la kitu kingine. Kisha sifa moja ya kitu hicho cha pili ikakanushwa. Mtoto wa miaka mitano aambiwapo nyumba, moyo wake huenda kwenye kuta, paa na mlango. Aambiwapo haina mlango, hulazimika kuivunja picha aliyokwisha kuijenga na kuanza kujenga nyingine. Ajiulize: nini chenye kuta pande zote, kilicho na kitu ndani yake, wala hakina pa kuingilia? Akilifikia yai amejifunza kutenga sifa za kitu na jina lake. Sifa huweza kubaki pale jina liondokapo, na vitu viwili visivyofanana machoni huweza kufanana katika fikira. Hii ndiyo sitiari. Na huu ndio msingi wa hoja. Wewe uliye sekondari hufundishwa jambo hilo hilo katika somo la ushairi, ukapewa na jina lake refu. Mdogo wako huko nyumbani hulifanya kabla hajajua kuandika jina lake.

Sifa ya pili ya mchezo huu ni kwamba vyeo havisimami ndani yake. Katika nyumba zetu mtoto huamkia, hutumwa, hukatazwa, naye hujibu kwa adabu. Lakini katika vitendawili mtoto wa miaka sita aweza kumtegea susu yake, yaani bibi yake, na susu akashindwa mbele ya watu, wala adabu isivunjike. Kwa dakika chache mtoto ndiye ajuaye na mkubwa ndiye atafutaye. Mtoto aliyeonja ladha ya kujua kitu ambacho wengine hawakijui, na kukitoa kwa wakati wake, huipenda elimu kwa sababu ameiona faida yake, si kwa sababu ameogopa fimbo.

Sifa ya tatu ni kwamba mchezo huu hufundisha kushindwa. Muulizwaji akosaye hakatwi alama wala haandikwi mahali popote. Pwani humpa muulizaji mji, tena mji wa maneno matupu: "Nakupa Mombasa." Watu hucheka, jibu hutolewa, na zamu huendelea. Mtoto hujifunza ya kuwa kukosa ni njia mojawapo ya kufikia jibu, funzo ambalo wengi wetu tulilipata kwa taabu baada ya mitihani mingi.

Kitendawili hakisimami peke yake katika elimu ya nyumbani. Mtazame mtoto achezaye mdako: vijiwe 12 katika kishimo kidogo na kijiwe kimoja mkononi. Hukirusha cha mkononi juu, na kabla hakijaanguka huchota vijiwe nje ya kishimo, akakidaka. Kisha hukirusha tena na kuvirudisha vyote isipokuwa kimoja. Mzunguko wa kwanza hubakiza kimoja kimoja, wa pili viwili viwili, wa tatu vitatu vitatu. Afikapo kwenye mzunguko wa nne mambo bado ni mema, maana 12 hugawanyika kwa 4. Afikapo wa tano hukuta vimebaki viwili visivyotosha, naye hupaswa kuamua atavifanyaje. Hapana aliyemwambia ya kuwa hiyo ni hesabu ya kugawanya yenye baki. Ameiona kwa vidole vyake. Hali kadhalika msichana akaaye karibu na mama yake asukaye kyondo husikia hesabu ya nyuzi ikisemwa kwa sauti ya chini, rangi hii mara tatu, rangi ile mara mbili, na akikosea uzi mmoja nakshi yote hupinda mbele ya macho yake. Hapana kalamu nyekundu isahihishayo upesi kuliko hiyo.

Mambo haya hayakuanza kutambuliwa leo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotolewa mwaka 1938, aliweka sura nzima juu ya elimu ya Wakikuyu kabla ya kuja kwa Wazungu. Alieleza jinsi elimu ianzavyo kwa nyimbo za kubembelezea mtoto, na jinsi mvulana apimwavyo kumbukumbu kwa kuchanganyiwa makundi ya mifugo na kuambiwa ayatenge. Ngugi wa Thiong'o naye, katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alisimulia jioni za utotoni mwake karibu na moto, na jinsi watoto walivyozirudia hadithi zile kesho yake mashambani. Ulaya pia ilichelewa kuliona jambo hili. Friedrich Froebel alianzisha nyumba yake ya kufundishia watoto kwa michezo huko Ujerumani mwaka 1837, na Maria Montessori alifungua yake mjini Rome mwaka 1907; wote wawili walistaajabiwa kwa njia zao za kufundisha. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa uliandika katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto ya kuwa kucheza ni haki, na Kenya ikauridhia mkataba huo mwaka 1990. Susu wa Muthetheni hakungoja mkataba.

Lakini mhakiki asifuye tu ni mpiga debe. Na tuzitazame kasoro.

Kasoro ya kwanza ni ya kitendawili chenyewe, nayo ni jibu lililofungwa. Mtoto aambiwapo nyumba yangu haina mlango, aweza kujibu kaburi. Jibu hilo ni sahihi kwa mantiki, na pengine ni zito kuliko yai. Lakini mchezo hulikataa kwa sababu mababu walikubaliana na yai. Hapo mtoto hufundishwa kukariri mapatano ya wazee badala ya kufikiri. Dawa yake ni nyepesi, nayo imo mikononi mwa muulizaji: kabla ya kulikataa jibu, na aulize, "Kwa nini wasema hivyo?" Mtoto akieleza vizuri, na apewe sifa yake, ndipo aambiwe jibu la kale. Neno hilo moja, kwa nini, lageuza mchezo wa kumbukumbu kuwa mchezo wa akili.

Kasoro ya pili imo katika ngano zifuatazo vitendawili. Ngano nyingi za Afrika Mashariki humpa sungura ushindi kwa uongo, na humpa msichana adhabu kwa sababu hakusikia la mkuu. Zimwi, ambalo kwa Kikamba huitwa eimu, humchukua binti mwenye kiburi, lakini sungura mwenye hila hurudi kwake akicheka. Yatupasa kuuliza: mtoto wa kike asikilizaye hayo kila jioni hujionaje? Wako watakaosema ya kuwa hizo ni hadithi tu. Mimi sikubaliani nao. Ikiwa twasema kitendawili hufunza, hatuwezi kusema ngano haifunzi. Hatuwezi kuchukua sifa tukakataa lawama. Hata hivyo sisemi ngano hizo zitupwe. Nasema msimulizi ana uhuru ambao mwandishi wa kitabu hana: aweza kusimama katikati na kuwauliza watoto, "Je, sungura alitenda haki?" Hadithi isimuliwayo kwa mdomo hubadilika kila isimuliwapo; basi na ibadilike kwa hekima.

Kasoro ya tatu si ya mchezo bali ni yetu sisi walimu na waandishi. Tumeuchukua mchezo tukautia kitabuni. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Sweden, alikusanya ngano za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1928 na 1935, na vitendawili, methali na nyimbo zao mwaka 1934. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alitoa Akamba Stories mwaka 1966. Kazi hizo ni za kushukuriwa, maana zimehifadhi mengi ambayo yangepotea. Tena baada ya mkutano wa mwaka 1974 katika Nairobi School juu ya ufundishaji wa fasihi, fasihi simulizi ilipata kiti chake katika masomo ya sekondari, hata leo watahiniwa wa Kiswahili huulizwa habari zake. Ushindi huo ulikuwa wa haki. Lakini tazama kilichotokea. Kitabu cha shule huandika kitendawili upande wa kushoto na jibu upande wa kulia. Mwanafunzi huyafunika majibu kwa kiganja, akayakariri, akayaandika, akapata alama. Mtego umetegwa, na ndege amekwisha kuonyeshwa kamba ilipo! Kitendawili kisicho na kungoja si kitendawili tena. Ni orodha ya maneno.

Isitoshe, vingi vya vitendawili hivyo ni vya pwani. Popoo mbili zavuka mto, jibu lake macho, ni kitendawili kizuri sana kwa mtoto wa Lamu aliyeiona popoo sokoni, akajua udogo wake na uviringo wake. Mtoto wa Muthetheni hajapata kuiona popoo. Yeye hupewa fumbo ndani ya fumbo, na mwishowe hukariri tu. Kosa si la Lamu. Kosa ni la mwandishi adhaniaye ya kuwa kitendawili ni methali isiyo na nchi, hali kitendawili huishi kwa vitu vya mahali pake. Tuseme mtoto wa huko atunge chake mwenyewe: babu yangu amevaa mikanda mingi, lakini nguo hana. Jibu lake ni kilima chenye matuta kabla ya mvua. Hicho chaweza kufumbuliwa na kila mtoto wa Mwala, kwa kuwa akifungua mlango asubuhi babu huyo amesimama mbele yake.

Na tukilinganishe kitendawili na aina nyingine ya elimu ya nyumbani, iliyo maarufu katika fasihi yetu. Mwaka 1858 huko Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwusia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Shaaban Robert naye baadaye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Hizi ni kazi kubwa, na wingi wa mapenzi yaliyomo ndani yake hauna shaka. Lakini ndani yake mzazi husema na mtoto husikiliza. Hekima yashuka kama maji ya mlima. Katika kitendawili hekima huenda na kurudi. Utenzi humpa mtoto akiba ya kumtosha atakapokuwa peke yake; kitendawili humpa mwendo wa akili autumie leo. Si haki kuuliza kipi ni bora. Nyumba yenye wosia bila maswali hulea mtiifu asiyejua sababu. Yenye maswali bila wosia hulea mwerevu asiye na dira. Twasema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo ina ukweli wake; lakini samaki akunjwaye ni samaki aliyekwisha kufa. Mtoto ni mzima, naye yafaa apewe maji ya kuogelea.

Sasa waweza kuuliza, mwanafunzi, mambo haya yakuhusu nini wewe mwenye mitihani mbele yako. Yakuhusu sana. Kenya ilipoanza kuutekeleza Mtaala wa Umilisi nchini kote mwaka 2019, wazazi walitakiwa washiriki katika masomo ya watoto wao. Nia ilikuwa njema. Lakini katika nyumba nyingi ushiriki huo umekuwa kununua karatasi, gundi na rangi, na kulipia uchapaji wa picha. Bibi asiyejua kusoma huletewa daftari, akaligeuza, akalirudisha, akasema, "Ngoja mama yako arudi." Tangu siku hiyo hujiona hana cha kumpa mjukuu. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote nilizozitaja, nayo haionekani katika hesabu ya shule yoyote: mwalimu wa kwanza wa mtoto ameachishwa kazi pasipo kuandikiwa barua. Mtoto naye hujifunza, pasipo kuambiwa na mtu, ya kuwa elimu ni kitu kikaacho mbali na nyumbani kwao, katika lugha isiyo yao. Simu ya mkononi huja kukijaza kimya kile, nayo haimwombi mtoto aitike wala haingoji jibu lake.

Hapana serikali iwezayo kumrudishia bibi kazi yake. Wewe waweza. Wewe uko kati ya daftari na meko: wasoma vitabu vya shule, na bado waijua lugha ya nyumbani. Likizo ijapo, usiwakusanye wadogo zako ili kuwafundisha. Watakimbia, nao watakuwa na haki. Kaa karibu na bibi wakati wa kupukuchua mahindi, ukamwombe akutegee wewe kwanza. Ukishindwa, shindwa kwa furaha, ili wadogo waone ya kuwa mtu wa sekondari pia hushindwa. Kisha waachie wao zamu. Akijibu mdogo jibu lisilotazamiwa, mwulize kwa nini, na ulingoje jawabu lake hata likichelewa.

Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa fasihi, yafaa kalamu yako ifanye kazi kuliko yetu. Andika vitendawili kumi vya nyumbani kwenu. Usiandike swali na jibu tu. Andika kilitegwa katika lugha gani, nani alikitega, watu walikuwa wakifanya kazi gani, na majibu yote yaliyokosewa kabla ya jibu la mwisho kupatikana. Majibu yale yaliyokosewa ndiyo ambayo vitabu vyetu havikuyahifadhi, na ndiyo yaonyeshayo akili ya mtoto ikitembea. Hukumu yangu juu ya sanaa hii, basi, ni kwamba umbo lake ni kamili na kazi yake ni njema. Kasoro zake zatibika kwa swali moja la ziada. Lakini itakufa katika kizazi kimoja ikiwa tutaridhika kuikariri tu. Ukirudi shuleni na karatasi zako kumi, utakuwa umemfanyia mwalimu wako wa Kiswahili kazi ambayo hakuweza kuifanya peke yake.